Raspberry Pi huku Mtwara: ipe kazi za kukesha

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ni hili, "sasa si bora ninunue laptop used tu?" na jibu langu siku zote ni ndio, kanunue. Kama unachotaka ni kitu cha kukaa mbele yake uandike barua, uangalie YouTube, ufanye hesabu za kikoba kwenye Excel, chukua laptop ya mtumba tu, maana ukishajumlisha bodi yenyewe, chaja yake, kadi ya memori, kava, waya wa HDMI, kibodi, mausi na skrini, hela imeshafika palepale na spidi bado ya kubembeleza. Nawajua jamaa wameinunua kwa mbwembwe wakaishia kuiona takataka, saa hizi ipo kabatini na chaja za Nokia. Tatizo wameipa kazi ambayo sio yake.

Kazi yake ni kukesha. Yaani kazi ambayo inataka kompyuta iwe macho usiku na mchana, wiki kwa wiki, hakuna mtu amekaa mbele yake, inafanya kitu kimoja au viwili tu na kula umeme kidogo. Ukishaiangalia hivyo, huku kwetu kusini kazi zinajileta zenyewe, na nyingi hata sio zile za kwenye video za YouTube ambapo mzungu anatengeneza roboti ya kumwagilia ua lake la dirishani.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni bodi moja tu, milimita 85 kwa 56, kama kadi ya ATM, ina prosesa, ina memori, matundu ya USB, ya waya wa mtandao, ya skrini, na pembeni kuna pini 40 za kuchomekea sensa, yaani vipimaji vya joto na kadhalika, na vifaa vingine. Ilitoka tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, ambazo kwa dola ya shilingi 2,500 ni kama elfu tisini kasoro, waliotengeneza ni Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, na nia yao ilikuwa watoto wapate mashine ya bei ndogo ya kujifunzia kuprogramu. Watoto wakaipata ila watu wazima wenye kazi zao nao wakaidaka. Saivi zipo za aina nyingi, Pi 4 ya 2019, Pi 5 ya 2023, alafu zile Zero ndogo kabisa, na bei ya huku usitegemee iwe ya kwenye tovuti, mzigo unatoka Dar, unapakizwa kwenye basi unaupokea stendi Mkanaledi na kila aliyeushika njiani kaweka chake.

Sasa twende kwenye umeme, maana hapa ndo ubishi wote unaishia. Pi 4 ikiwa kwenye kazi za kawaida inakula wati 3 mpaka 6, tuseme 5. Ikikesha saa 24 ni uniti 0.12 kwa siku, mwezi mzima uniti tatu na nusu hivi. Chukua desktop ya zamani ile ya mnara, ukiweka na skrini yake tuseme wati 100, iache inawaka mwezi mzima, hiyo ni uniti 72. Na kama uko kwenye ile tarifa ya nyumbani ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ambayo kila mtu anaililia, kompyuta peke yake imeshakumalizia kabla hujawasha taa, friji wala pasi, ukizidisha unahamishiwa bei ya juu. Kwa hiyo mtu akikwambia "desktop ya zamani ni bure, kwanini ninunue Pi", mwambie ni bure siku ya kwanza tu, baada ya hapo LUKU inakuja kudai.

Na umeme wenyewe si unakatika. Betri ndogo ya volti 12 yenye Ah 7, zile za kwenye UPS, ina Wh 84 (yaani wati-saa, volti mara Ah), usiikamue yote itakufa mapema, tumia nusu, una 42, gawa kwa wati 5, toa kinachopotea kwenye kile kidude cha kushusha volti kutoka 12 kuja 5, unapata kama saa saba. Saa saba kwa betri ya kubeba mkono mmoja! Weka paneli ndogo ya sola juu, kwa jua la Mtwara, hiyo kitu haizimi.

Kazi ya kwanza ninayoipenda ni maktaba isiyohitaji intaneti. Wote tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita, mvua imekata barabara ya Dar pale Somanga, magari yamepanga foleni huku na huku, alafu siku chache baadaye tarehe 12 nyaya za baharini zikakatika na intaneti ya nchi karibu nzima ikawa inakohoa. Watu wa mjini walilalamika sana. Ila nenda shule moja ya sekondari ninayoijua upande wa Newala, wao siku hiyo hawakujua kama kuna tofauti yoyote, maana mtandao pale unakamata ukisimama sehemu moja tu nyuma ya jiko, na hapo ni kwa simu ya mwalimu, mwanafunzi simu haruhusiwi. Chumba cha kompyuta kipo, kompyuta za msaada zipo, zimefunikwa vitambaa, zinafundishiwa Word na Paint.

Pale tumeweka Pi moja, swichi ya mtandao na waya kwenda kwenye kila kompyuta iliyo hai. Ndani yake kuna Kiwix, ambayo inachukua Wikipedia nzima na kuifanya faili moja, unalishusha mjini usiku kwenye wifi nzuri, unalibeba, basi. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye flash ya kawaida na nafasi inabaki, ila ya Kiingereza yenye picha jiandae, ni kama GB 100, ukitoa picha inashuka mpaka karibu nusu. Alafu kuna Kolibri, hii ni ya shule haswa, ina video za masomo, mazoezi, mwalimu anatengeneza darasa lake anaona nani kafanya zoezi na nani kakwama swali la ngapi, yote bila bando hata la mia. Humo humo kuna PhET, vile vijaribio vya fizikia na kemia vya kwenye skrini, mtoto anavuta betri, anavuta balbu, anaunganisha waya, taa inawaka, akikosea kuunganisha betri inashika moto. Kwa shule ambayo maabara yake ina beseni na rafu tupu, ukimuona mtoto wa kidato cha pili anaunguza betri ya kwenye skrini makusudi, anacheka, anaunguza tena, alafu anajiuliza mwenyewe kwanini balbu mbili za mfululizo zinafifia, unaelewa hela ya bodi imekwenda wapi. Pasti pepa za NECTA mwalimu amezipanga kwenye folda yake, hiyo ndo inayofunguliwa kuliko zote mwezi wa kumi. Wikipedia yenyewe, kwa taarifa yako, wanafunzi walianza na wachezaji mpira, usanisinuru ukafuata baadaye sana.

Kitu ambacho nakisisitiza kwa shule yoyote ni mwalimu asihitaji fundi. Mwalimu wa pale aliniuliza, "Fundi, hii ikizima ghafla nafanyaje?" Nikamwambia, "Mwalimu, chomoa, chomeka, subiri dakika mbili." Akaniangalia kama namdanganya. Lakini inawezekana, kwa sababu kwenye mipangilio ya Raspberry Pi OS, mfumo unaoiendesha bodi, kuna sehemu inaitwa overlay, ukiiwasha kadi ya memori inakuwa ya kusomwa tu, hakuna kinachoandikwa juu yake, kwa hiyo umeme ukikatika katikati hakuna cha kuharibika. Bila hiyo, kadi za SD zinakufa kama nzi huku kwetu, umeme unakatika wakati inaandika, faili zinavurugika, kesho yake haiwaki. Kolibri ndo pekee inataka kuandika maendeleo ya wanafunzi, hiyo tumeihamishia kwenye diski ndogo ya SSD ya USB. Na kadi feki ni balaa jingine, imeandikwa GB 256 kumbe ndani ina 16, unajaza Wikipedia yako kwa furaha zote inafika mahali inaanza kujifuta yenyewe. Kabla hujaitumia ipime na programu kama H2testw au F3, ijaze mpaka juu, ikisoma sawa ndo uiamini.

Kazi ya pili ipo mjini kabisa, steshenari. Dada mmoja ana duka karibu na chuo, wanafunzi wanakuja na flash kuprinti ripoti za field. Kama umewahi kufanya kazi steshenari unajua hizo flash, zimepita kwenye kompyuta za chuo, za hostel, za internet cafe, zina vile virusi vya shortcut, unafungua unakuta mafolda yote yamegeuka shortcut, ukibofya tu mashine yako nayo imeshaingia kwenye ukoo. Kila baada ya muda alikuwa analipa mtu amwekee Windows upya.

Tulichofanya ni hiki: kompyuta yake haipokei flash tena. Flash inachomekwa kwenye Pi iliyofungwa pembeni ya kaunta, upande wa mteja, mteja anachomeka mwenyewe. Pi inatumia Linux, mfumo mwingine tofauti na Windows, virusi vya Windows haviwezi kuwaka humo, vinabaki kuwa faili tu la kijinga, na yale mafolda yaliyofichwa na kirusi Linux inayaona kama kawaida. Programu fupi niliyoiandika inaifungua flash kwa kusoma tu, inatafuta PDF, Word, Excel na picha, inanakili kwenye folda ambalo kompyuta ya dada inaliona kwa mtandao, inawasha kataa ka kijani, mteja anachomoa. Usiku yote yanafutwa, maana ripoti za watu na vyeti vyao hazitakiwi kulala dukani kwa mtu. Kuna wateja wamelia, mwanafunzi alishakata tamaa kwamba ripoti imeliwa na kirusi, anachomeka pale anaona kazi yake yote ipo. Dada sasa hivi ameweka bango, KUOKOA FAILI LILILOPOTEA, anachaji. Mimi hakunigawia hata soda lakini sawa. (Angalizo moja, faili la Word lenyewe linaweza kubeba macro mbaya, yaani vijiprogramu vya ndani ya faili, hilo Pi haimkingi, macro zizimwe kwenye Word.)

Bodi hiyohiyo inaprintisha pia. Ina CUPS ndani, programu ya kusimamia printa, kwa hiyo printa ya zamani ya USB isiyojua wifi ni nini inapokea kazi kutoka kwenye simu. Hapa muwe makini na printa, sio zote, kuna za bei rahisi dereva zake, yaani programu za kuiendesha printa, zimeandikwa kwa prosesa za kompyuta za kawaida tu, kwenye prosesa ya Pi, aina ya ARM, hazipo na hutozipata hata ukisali. Epson nyingi za tanki la wino zinakubali bila shida, HP nyingi pia. Tafuta jina la printa yako kabla hujatoa hela ya bodi.

Ghala la korosho ndo kazi iliyonifanya niandike haya yote, msimu ukifika mwezi wa kumi simu zinaanza. Mfumo mnaujua, mkulima anapeleka AMCOS, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS inapeleka ghala kuu, mzigo unasubiri mnada, ndo stakabadhi ghalani hiyo. Ukisubiri, korosho ipo kwenye magunia, na huku pwani hewa yenyewe ina maji, mvua za mwisho wa mwaka zinaanza wakati mzigo bado umelala. Unyevu ukipanda ubora unashuka, na ubora ukishuka atakayekatwa hela ni yuleyule mzee wa Tandahimba aliyepuliza salfa tangu katikati ya mwaka. Sasa mtunza ghala wa kawaida anajuaje unyevu wa ndani? Anaingia, ananusa, anashika gunia. Na wengine pua zao ziko vizuri kweli, sidharau, ila pua haiandiki kumbukumbu ya saa tisa usiku.

Sensa ya DHT22 inapima joto na unyevu wa hewa, ni kidude cheupe chenye vitundu. Unaweka kadhaa, moja karibu na mlango, moja katikati ya magunia, moja juu chini ya bati, na tofauti utakayoiona kati ya ya mlangoni na ya katikati itakushangaza, ndo hapo watu wanaanza kuelewa kwanini mbao za chini ya magunia na njia za hewa sio mapambo. Pi inakusanya kila dakika kumi, inaandika, na ikiona unyevu umekaa juu kwa muda inatuma SMS kwa mtunza ghala kupitia modemu ya USB yenye laini. SMS, sio WhatsApp, maana SMS inafika hata kwa simu ya tochi.

Vitu viwili vinawasumbua watu hapa. Cha kwanza ni saa. Pi zote kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani, zinauliza muda kwenye intaneti, sasa ghalani hakuna intaneti, umeme ukikatika ukirudi bodi inadhani ni muda uleule iliozima, na kumbukumbu zako zote zinakuwa uongo. Dawa ni kimoduli cha DS3231 chenye kibetri cha duara, bei ndogo tu, kinakaa kwenye pini na kushika saa hata bodi ikizima mwezi. (Pi 5 saa inayo ila betri yake unanunua pembeni.) Cha pili ni chumvi. Maeneo ya Shangani na Mikindani upepo wa bahari unakula kila kitu, miguu ya sensa inapiga kutu ya kijani, inaanza kusoma unyevu 99 asubuhi mpaka jioni. Sensa hizi zihesabu kama balbu, zinabadilishwa. Na pini za Pi ni za volti 3.3, ukiipelekea 5 kwenye pini ya data umeichoma, hakuna fyuzi ya kukuonea huruma.

Ila niwe mkweli, kama ghala ni dogo na sensa ni moja, usinunue Pi. Chukua ESP32, bodi nyingine ndogo zaidi, ina wifi, bei yake ni sehemu ndogo tu ya Pi, inaweza kulala ikaamka kila nusu saa na betri ikadumu muda mrefu. Pi inaingia pale ambapo kuna vya kukusanya kutoka sehemu nyingi, kuna kumbukumbu za kutunza, kuna mtu anataka kufungua simu aone grafu.

Nyingine nazipitia haraka. Pi-hole, inazuia matangazo kwa nyumba nzima, inaokoa bando kiasi, kwa mwenye router nyumbani ni nzuri. Jellyfin, muvi zako zote kwenye diski moja, familia inaangalia kwenye TV na simu, poa sana ila usiitegemee ibadilishe muundo wa muvi kubwa za 4K, itachemka. Kujifunza kuprogramu, Scratch kwa wadogo na Python kwa wakubwa, hii ndo nia yenyewe ya waliotengeneza na bado inaifanya vizuri.

Chaja jamani. Nusu ya "Pi yangu mbovu" ninazoletewa ni chaja ya simu ya elfu tano na waya mwembamba. Ukiona alama ya radi ya njano inatokea kona ya juu kulia kwenye skrini, bodi inakwambia volti hazitoshi. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3 za kweli, Pi 5 inataka mpaka ampea 5. Badilisha chaja kabla hujamtukana fundi.

Kuna kazi nazikataa pia. Kijana akija anauliza kama inachimba bitcoin namwambia hapana, arudi nyumbani. Mwenye duka la jumla anataka kamera nane zirekodi mwezi mzima, huyo namwambia anunue DVR ya kawaida, ile mashine ya kurekodi kamera, imetengenezwa kwa hiyo kazi na mafundi wake wapo kila kona. Kamera moja ya kuangalia mlango wa stoo, hiyo sawa, nitafunga.

Ninayoishughulikia sasa hivi ni ya ofisi ya chama kimoja cha msingi. Katibu wao, mzee wa makamo, amechoka kupigiwa simu na wanachama mia kidogo siku ya mnada kila mtu anauliza bei imefika ngapi, anataka TV ukutani barazani, bei ya mnada wa leo na ya mnada uliopita, tarehe ya malipo, basi. Yeye anaandika namba kwenye simu yake, Pi inaonyesha. Hela ya TV mpya hawana, akaniuliza, "Mwanangu, ile TV ya kichogo ya ofisini itakubali?" Nikamwambia, "Mzee wangu, itakubali tukitumia Pi 4, 3 au 2, tundu lake la spika linatoa na picha, ni waya wa RCA tu, ila Pi 5 hilo tundu wamelitoa usije ukauziwa." Maandishi tutayafanya makubwa, mistari minne tu kwa wakati mmoja, maana skrini za hivyo herufi ndogo zinakuwa ukungu. Amesema atapima kwanza kama yale matundu matatu ya nyuma, la njano, jeupe na jekundu, bado yapo hai, DVD ya ofisi anayo ya kujaribia.